Nilivyopata Ufundi wa Umeme wa Magari kwa Posho ya Serikali Nakuru

Ukizunguka gereji za Nakuru utakuta kila moja ina vijana wawili watatu wa kuosha vyuma kwa petroli, kushika tochi na kutumwa spea. Kwa desturi yetu hao ndio wanafunzi. Halipwi mtu hapo, labda chai na mandazi, na hakuna anayefundishwa. Unaachwa uibe kazi kwa macho. Wala simlaumu fundi. Akikuonyesha kila kitu leo, mwakani utafungua kibanda hatua hamsini kutoka kwake na wateja wake utaondoka nao.

Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia nilipitia mradi wa KYEOP huuliza habari ya posho tu. Posho ilinisaidia, nitaieleza. Ila jambo lililonitoa pale nilipokuwa ni kwamba fundi naye alikuwa akilipwa ili anifundishe.

KYEOP ulikuwa mradi wa serikali wa ajira na fursa kwa vijana, uliopewa fedha na Benki ya Dunia, dola milioni 150 za Marekani, na kaunti ya Nakuru ilikuwamo. Uliwalenga vijana wa miaka 18 hadi 29 wasio na kazi, ambao masomo yao hayakuvuka kidato cha nne. Kwa mara ya kwanza maishani nikakutana na tangazo la kazi ambalo alama yangu ya D haikunizuia. Hiyo ilikuwa 2019. Nilikuwa naishi Rhonda, nauza mayai ya kuchemsha na soseji jioni, na mchana nabeba mizigo sokoni ikipatikana.

Tangazo nililiona kwenye ukuta wa ofisi ya chifu. Kabla sijamaliza kulisoma akaja kijana mmoja wa mtaani, anakusanya shilingi mia mbili kwa kila mtu ili "asukume majina." Wengine walimpa. Mimi sikuwa nazo, na hiyo ndiyo sababu nilimuuliza karani moja kwa moja, akaniambia kuomba ni bure na hakuna jina linalosukumwa na mtu wa kando. Kama una ndugu anayeomba msaada wowote wa aina hii, mwambie hilo kwanza kabla ya mengine yote.

Kazi iliyonisumbua ilikuwa laini ya simu. Posho ingetumwa kwa simu, na laini lazima iwe kwa jina lako, lilingane na kitambulisho. Yangu ilisajiliwa na mama nilipokuwa shule, sina kitambulisho. Ilibidi twende naye dukani wote wawili, yeye aiachie, mimi niisajili upya. Mama alicheka mpaka wahudumu wakageuka: "Kumbe miaka yote hii nakupigia namba yangu mwenyewe!" Inaonekana jambo dogo, lakini nawajua waliokwama hapo wakati wenzao wameshaanza kulipwa.

Jina lilipotoka tulianza na majuma mawili ya stadi za maisha darasani: kujieleza, kufika kwa wakati, kupanga pesa, kuvumiliana na mteja mkali. Sitajifanya niliyafurahia. Nilikuwa na haraka ya kushika spana, na kuchora ndoto zangu kwenye karatasi kubwa kulinichosha. Sehemu ya kuandika mapato na matumizi ndiyo iliyobaki nami. Daftari ninalo mpaka leo.

Kisha ikaja kuchagua fani na mkufunzi. Ungeweza kupelekwa chuoni au kwa fundi mkuu wa jua kali. Marafiki wengi walikimbilia ususi na umakanika wa kawaida. Mimi nilichagua umeme wa magari kwa hesabu rahisi: pale kwetu makanika walikuwa kila kona, lakini gari likikataa kuwaka kwa shida ya waya, makanika hao hao walikuwa wakimtafuta mzee mmoja tu upande wa Shabab. Nikaomba niwe kwake.

Mpango ulikuwa miezi mitatu ya mafunzo kisha mingine mitatu ya kazi kwa vitendo, na posho ya shilingi 6,000 kwa mwezi. Mahudhurio yalihesabiwa, kwa hivyo hata siku mvua ya Nakuru inapogeuza gereji kuwa ziwa, unafika. Elfu sita haikutosha kuishi mjini, tusidanganyane. Nilichofanya ni kutenga kodi ya chumba siku ile ile pesa inapoingia, nikaacha matatu nikawa natembea kwa miguu, na mayai sikuyaacha. Niliuza jioni kama zamani. Kilichosalia nilikiweka kwenye chama cha vijana wa ploti yetu. Zamu yangu ilipofika nilinunua mita ya kupimia umeme, ya bei ya chini lakini yangu.

Sasa nieleze habari za Mzee, huyo fundi wangu wa Shabab. Siku za kwanza alikuwa yule yule wa zamani, anafanya kazi amenipa mgongo. Alibadilika alipoelewa kwamba yeye pia ana malipo kwa kila mwanafunzi, na kwamba kuna maafisa wanaopita kuuliza umejifunza nini, uonyeshe. Sikuwa naona haya kumkumbusha. Nikiona amenitenga nasema, "Mzee, wakija Ijumaa nitawaambia nini?" Anaguna, halafu anasogea kando. Baadaye ikawa hahitaji kukumbushwa. Nadhani mtu akianza kufundisha na akaona unaelewa, utamu unamwingia mwenyewe.

Somo lililonifanya niipende kazi lilikuwa la matatu moja ya kwenda Njoro. Kila asubuhi inasukumwa. Mwenyewe ameshauziwa betri mpya na bado inasukumwa, sasa anaambiwa stata, yaani mota ya kuwashia injini, imekufa. Mzee akanipa mita, akasema, "Usiguse stata. Nipimie betri." Ikasoma volti 12.6, yaani imejaa. Injini ilipowaka kwa kusukumwa ikapanda mpaka 14 na kidogo, maana yake alterneta, kifaa cha kuchaji betri, inachaji vizuri. Ikiwa kati ya 13.8 na 14.4 huna ugomvi nayo. Basi shida iko wapi? Akaniambia niweke ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini kilicho kitupu, halafu dereva apige stata. Mita ikaruka hadi karibu volti mbili. Hapo inatakiwa isome karibu na sufuri. Ikizidi nusu volti, umeme unapotelea njiani. Waya wa aithi, ule wa kurudisha umeme, kutoka injini hadi bodi la gari ulikuwa umeliwa na kutu chini ya nati, kwa nje unaonekana mzima. Tulikwangua, tukaweka waya mpya, ikawaka kwa mguso mmoja. Yule mwenye gari alikuwa karibu kununua stata. Kwa kutazama tu begani mwa Mzee nisingejua kamwe kwa nini aliweka mita pale na si pengine.

Miezi ya vitendo niliimaliza hapo hapo kwake, akanibakiza kwa malipo ya kazi kwa kazi. Halafu Machi 2020 korona ikaingia Kenya. Matatu zikaambiwa zibebe abiria wachache, wenye magari wakaahirisha kila kitu kisichozima gari kabisa, na gereji ikawa kimya. Nilijiandikisha Kazi Mtaani, ile kazi ya serikali ya usafi kwenye mitaa ya mabanda, nikazibua mitaro na kufyeka kwa shilingi 455 kwa siku, kwa zamu. Ilinilisha, sitaidharau, lakini ujuzi haikuniongezea. Jioni nilikuwa nafungua alterneta mbovu nilizopewa na Mzee, nabadilisha kaboni, nafunga tena.

Mambo yalipofunguka nikagundua pengo langu: nafanya kazi, ila sina karatasi. Kampuni moja ya kusafirisha maziwa ilitaka fundi wa waya wa kuangalia malori yake, wakaniuliza cheti. Mzee mwenyewe hana, na jina lake linamtosha. Langu lilikuwa halijulikani na mtu. Ndipo nikajiandikisha kwa mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani. Mtihani huo una madaraja matatu, unaanzia la tatu ambalo ndilo la chini, unapanda. Hauulizi ulisomea wapi, na kwa watu wa jua kali hiyo ndiyo raha yake.

Vitendo havikunitisha. Walipotaka nitoe betri nilianza na hasi, kama nilivyozoea. Mtahini akauliza kwa nini. Jibu nilikuwa nalo kwa sababu Mzee alinifokea siku moja mpaka nikalielewa: ukianza na chanya, spana ikagusa bodi, umefunga umeme wote wa betri kwenye spana hiyo. Kilichonitoa jasho ni karatasi ya maswali, kwa Kiingereza, na hesabu ndani yake. Nilikuwa nimetafuta mwanafunzi wa chuo anifundishe usiku kwa malipo ya mayai, kweli kabisa, na tulirudia hesabu ile ile hadi ikakaa: taa ya wati 55 kwa volti 12 inavuta kama ampea 4.6, mbili ni kama 9, kwa hiyo fiusi ya 10 itakuwa inahema na ya 15 inatosha. Nilikuwa nimebadilisha fiusi za 15 muda mrefu bila kujua zimetokana na nini.

Nilipita daraja la tatu. Wale wa maziwa wakanipa malori mawili ya majaribio, kisha yote. Hustler Fund, mkopo wa serikali, ilipozinduliwa Novemba 2022 niliijaribu kwa kununua rilei (swichi za umeme) na soketi; riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka, lakini unatakiwa kurudisha ndani ya siku 14, na wateja wangu wa malori hulipa mwisho wa mwezi, kwa hiyo hainifai sana. Kwa muuza mboga anayezungusha pesa kila siku, sawa.

Binamu yangu wa kike sasa ameomba NYOTA, mradi uliofuata, ambao uko kaunti zote 47. Umri ni ule ule wa 18 hadi 29, wenye ulemavu hadi 35, kwa hiyo mimi umenipita. Aliomba kwa *254# akiwa ameketi kitandani, hakuna foleni ya chifu. Alivutiwa na ruzuku ya kuanzisha biashara, shilingi 50,000. Tulibishana sana. Yeye anaona pesa mkononi. Mimi naona kwamba hana biashara anayoijua kwa undani, na mradi huo huo una sehemu ya kupata uzoefu kazini. Nilimwambia atafute kwanza fundi anayeweza kumweleza kwa nini, halafu ruzuku ataipigia hesabu baadaye. Hajakubali. Mama yangu yuko upande wake.

Mimi najiandaa kwa daraja la pili. Mzee anasema nisome zaidi mambo ya sensa na kompyuta za magari, maana hizi Probox mpya mpya zinazoingia haziongei na mita peke yake. Mashine ya kusomea kompyuta hizo ni ghali, kwa hiyo tumekubaliana tuchangie nusu kwa nusu, ikae kwake, na mimi niwe naichukua siku za malori.