Jinsi nilivyoishona Bahari ya Hindi nikiwa Moshi

Kwa miaka minne sasa, juu ya cherehani yangu hapa Moshi limetundikwa pande la merikani lenye urefu wa karibu mita mbili, na juu yake nimeishona Bahari ya Hindi ya magharibi, tangu Rasi ya Tumaini Jema hadi Surat, bandari ya India, pamoja na safari za maharamia walioivuka kati ya mwaka 1690 na 1730. Naandika namna nilivyoikamilisha kwa sababu ushauri niliopewa mwanzoni ulinipotezea karibu mwaka mzima, na ningependa mwingine anayeipenda historia hii asipitie njia ileile.

Ushauri wa kwanza ulikuwa kwamba niachane na jambo hili, kwa kuwa Moshi haina bahari. Huo niliujibu upesi. Meli ya kivita ya Wajerumani iitwayo Königsberg ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915, mizinga yake ikaopolewa na kuburutwa nchi kavu, na mwezi Machi 1916 mzinga mmojawapo ulikuwa unanguruma Kahe, mahali ninapopita kila niendapo kwa shangazi yangu. Ikiwa mzinga wa meli ulifika Kahe, mimi ni nani nishindwe kuifuata bahari kwa vitabu?

Ushauri wa pili ulikuwa mbaya zaidi, kwa maana ulikuja kwa sura ya msaada. Karibu kila mtu aliyesikia neno haramia aliniuliza habari za hazina, na mmoja wao akaniuzia, kwa shilingi elfu thelathini hivi, nakala ya maandishi ya fumbo yanayosemekana kuwa ya Olivier Levasseur, haramia Mfaransa aliyejulikana kama La Buse, ambaye inasimuliwa kwamba aliyarusha kwa umati siku aliponyongwa katika kisiwa cha Bourbon, ambacho leo kinaitwa Réunion. Nililala nayo wiki kadhaa. Baadaye nikasoma kwamba La Buse alinyongwa Julai 1730, ilhali fumbo hilo lilitangazwa na mwanahistoria Charles de La Roncière mwaka 1934, yaani zaidi ya miaka 200 baadaye. Mtu akikuletea hazina kabla hajakuletea tarehe, usimlipe.

Ramani yangu ya kwanza niliifanya kwa karatasi ya manila, na kushindwa kwake ndiko kulikonifundisha, kwa hiyo nitakueleza kwa kirefu. Niliichora kutoka katika atlasi ya shule, nikachoma pini penye kila bandari, kisha nikavuta uzi ulionyooka kutoka pini hadi pini, kila nahodha na rangi yake. William Kidd nilimpa kijani. Huyu alitoka New York mwaka 1696 na merikebu iitwayo Adventure Galley, yenye mizinga 34 na makasia pia, akiwa na kibali cha Mfalme William wa Tatu cha kuwakamata maharamia, na mwishowe akahukumiwa kwa uharamia yeye mwenyewe. Uzi wake ulitoka Madagascar ukaenda Komoro, ukapanda hadi Bab-el-Mandeb, yaani mlango wa Bahari ya Shamu, ukakata kwenda pwani ya India, kisha ukarudi tena Madagascar, mfano wa nzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Henry Every nilimpa zambarau, naye alionekana mtu wa bahati tupu: alikaa akingoja kwenye mlango wa Bahari ya Shamu, na mnamo Septemba 1695 akaikamata Ganj-i-Sawai, merikebu kubwa ya Mfalme Aurangzeb wa India iliyokuwa ikirudi na mahujaji na mali nyingi. Niliandika daftarini kwamba Kidd hakujua atakalo na kwamba Every alibahatika, nikaridhika na maelezo hayo kwa miezi miwili, huku karatasi ikizidi kuchanika kila nilipohamisha pini.

Kilichonifungua macho ni uvivu wa kuandika. Ili nisiwe nafungua daftari kila mara, nilianza kuandika kwa chaki ya fundi jina la mwezi pembeni mwa kila pini. Nilipomaliza nikaona kwamba waliokwenda kaskazini wote walikwenda katika miezi ileile, na waliotoka India kuja kusini nao walikuja katika miezi yao. Mtoto yeyote wa pwani angeniambia hilo bila karatasi. Kuanzia Desemba hadi Machi kaskazi huvuma na kusukuma vyombo kuja huku kwetu, na kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba kusi huvirudisha. Kumbe nilikuwa nimewapa rangi manahodha, badala ya kuzipa rangi pepo zilizowabeba.

Niliitupa karatasi nikanunua merikani, mita tatu kwa kama elfu kumi na tano, labda zaidi kidogo. Kitambaa hiki kinastahili ramani ya bahari, kwa sababu kilipata jina lake kutokana na nguo za pamba zilizoletwa Zanzibar na merikebu za wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19. Bandari niliziweka kwa vifungo nilivyokata kwenye nguo za mitumba, nikashona uzi mwekundu kwa kaskazi na buluu kwa kusi. Safari zote nilizipiga bandi kwanza, ili nikikosea nifumue bila kukiumiza kitambaa, na nakushauri nawe ufanye hivyo, kwani nilikosea mara nyingi.

Tazama sasa Kidd anavyosomeka. Mwishoni mwa Aprili 1697 aliondoka Mwali katika visiwa vya Komoro, uzi wa buluu ukampeleka hadi Bab-el-Mandeb, ambako mwezi Agosti alijaribu kuuvamia msafara wa merikebu zilizotoka Mocha, bandari ya Yemen, akafukuzwa na merikebu ya Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki iliyokuwa ikiulinda. Buluu hiyohiyo ikamsukuma hadi India. Huko, mwishoni mwa Januari 1698, aliikamata merikebu ya biashara iitwayo Quedagh Merchant, na kabla kaskazi haijakatika uzi mwekundu ukamshusha hadi kisiwa cha Sainte-Marie, kando ya Madagascar, mapema Aprili. Hakuna nzi wala chupa. Nahodha wa jahazi angeenda vivyo hivyo. Hata Every hakubahatika: merikebu za mahujaji na za wafanyabiashara wa kahawa zilipaswa kutoka Bahari ya Shamu mwezi wa Agosti au Septemba, mwishoni mwa kusi, ili zifike Surat, na kila aliyeijua kalenda ya upepo alijua siku za kuzivizia. Naye La Buse, pamoja na mwenzake John Taylor, waliikuta Nossa Senhora do Cabo huko Bourbon mwezi Aprili 1721, imevunjwa na dhoruba. Merikebu hiyo ya Wareno ilikuwa imetoka Goa mwezi Januari, kwa uzi mwekundu.

Nilishona pia kifungo cheusi mahali penye Kua, mji uliokuwa katika kisiwa cha Juani huko Mafia, ambao Wasakalava kutoka Madagascar waliuvamia mwanzoni mwa karne ya 19 na kuwachukua watu wake utumwani. Umri wake hauingii katika miaka yangu ya ramani, lakini ningeona aibu kushona majina ya Wazungu peke yao, na watu wa pwani yetu waliopoteza mji mzima wasiwe na hata kifungo.

Niliamini kazi imekwisha, mpaka alipokuja mzee mmoja wa Tanga, anayeishi hapa kwa mwanawe, kupunguzisha kanzu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Alisimama mbele ya ramani muda mrefu, mikono nyuma. Ujanani alikuwa baharia katika majahazi yaliyobeba boriti za mikoko.

"Nyekundu hii ni kaskazi?"

"Ndiyo, mzee."

"Na buluu ni kusi. Basi malelezi umeyaweka wapi?"

Sikuwa nimeyaweka. Aliniketisha kwenye kiti changu mwenyewe akanieleza kwamba upepo haugeuki kwa siku moja kama mtu anayegeuza shati. Kati ya kaskazi na kusi kuna majuma ambayo upepo huja huku na kule, mara bahari inalala kabisa, na nahodha mwenye akili hatoki. Hukipandisha chombo ufukweni, hukilaza ubavu, hukikwangua chaza na majani, kisha hukipaka shahamu iliyochanganywa na chokaa, akingoja upepo ushike njia.

Nilikwenda kwenye daftari moyo ukinidunda. Kidd alifika Nzwani, kisiwa kingine cha Komoro, mwezi Machi 1697, akasogea Mwali, akailaza merikebu yake ubavu ili ikwanguliwe, na akakaa majuma kadhaa huku maradhi yakiwaua watu wake wapatao 50. Nilikuwa nimesoma habari hiyo mara tatu nikiiona ni mkosi tu wa safari, nisijue kwamba mtu huyo alikuwa akifanya kilekile ambacho mzee wangu alikifanya Tanga, katika majuma yaleyale ya mwaka.

Kanzu sikumtoza. Nilinunua uzi wa njano, nikafumua kila mahali ambapo nyekundu ilikutana na buluu moja kwa moja, nikashona malelezi katikati, kazi iliyonichukua Jumapili tatu. Ramani ilipendeza kuliko nilivyotazamia, kwa kuwa sasa macho yanapumzika pale ambapo vyombo navyo vilipumzika.

Mzee aliporudi kuchukua kanzu aliufuata uzi wa Kidd kwa kidole, akaukubali. Kisha akatafuta Tanga, asiione. Nilimweleza kwamba katika maharamia wangu hakuna aliyetia nanga huko. Akafungua mfuko, akatoa kifungo cha ziada kilichokuja na kanzu ile, akakiweka juu ya meza ya cherehani bila kusema neno, nami nikakishona mbele yake, juu kidogo ya Pangani.