Mbavu zilizofanya mchoro wa mkato usomeke vibaya

Mchoro wangu wa mkato (unaoonyesha kifaa kana kwamba kimekatwa) wa kishikio cha beringi ulirudishwa kutoka karakana kwa sababu fundi, alipoona mistari ya mshazari, ambayo huonyesha chuma kilichokatwa, imejaa hadi kwenye mbavu mbili nyembamba za kuimarisha, alidhani sehemu yote ile ni chuma kizima. Bapa la mkato, yaani uso wa kuwaziwa unaokata kifaa, lilipita katikati ya mbavu kwa urefu wake, nami nikaweka mistari hiyo kwenye kila kilichokatwa. Kumbe ubavu ukikatwa kwa urefu hauwekwi mistari, kama ilivyo kwa ekseli na bolti. Ni kanuni ninayoithamini sana, kwa kuwa humlinda msomaji. Nilifuta, nikazungushia mbavu mstari mnene wa ukingo, kisha nikaweka mistari myembamba ya nyuzi 45 kwenye kitako na bomba la kishikio pekee. Fundi aliusoma bila kuuliza.