Namna nilivyojifunza kufurahia viumbe vya uani na njiani Kinondoni

Watu wengi wa Dar es Salaam wakisikia habari za kufurahia viumbe vya asili hufikiria safari ya Mikumi au Saadani, pamoja na gari la kukodi na kiingilio cha getini. Mimi furaha hiyo nimeipata Kinondoni, katika uwanja wa nyumba tunayoishi na katika njia ninayoipita kwa miguu alfajiri. Msimu ninaoupenda kuliko yote ni huu wa kuanzia Oktoba, pepo za kusi zinapolegea na jua la adhuhuri kupita juu ya utosi, hadi Desemba, kaskazi inaposhika na mvua za vuli zikiwa zimekwisha kuotesha kila kitu. Naandika namna nilivyofanya kwa sababu naamini mkazi yeyote wa mji huu mwenye uwanja wa hatua chache, au hata makopo ya maua barazani, anaweza kupata sehemu kubwa ya yale niliyoyapata.

Jambo la kwanza kushughulikia lilikuwa ufagio. Katika nyumba zetu uwanja safi ni ule uliofagiliwa hadi alama za chelewa zikaonekana mchangani, na shangazi yangu, ambaye ndiye mwenye nyumba, hanywi chai kabla ya kazi hiyo kukamilika. Uwanja wa namna hiyo unapendeza macho, lakini jani lililoanguka usiku huondolewa asubuhi pamoja na kila kilichojificha chini yake, na udongo hubaki mkavu na mtupu. Nilimwomba aniachie kona moja nyuma ya mstafeli, karibu na ukuta, ambako majani yangeachwa yaoze yenyewe. “Mwanangu, majani yakikaa hapo utatuletea nyoka,” aliniambia. Hofu hiyo si ya kupuuzwa katika nyumba yenye watoto, kwa hiyo tulikubaliana kwamba kona iwe mbali na milango, sehemu nyingine zote ziendelee kufagiliwa, na pasirundikwe mbao wala matofali, maana mianya ya namna hiyo ndiyo inayokaribisha panya, na panya ndio wanaomvuta nyoka.

Niliongeza beseni la maji kwa ajili ya ndege, na hapo tena ilibidi nitoe ahadi. Wakazi wa jiji hili tunakumbuka homa ya dengi ya mwaka 2014 na ile ya 2019, na tunajua kwamba mbu anayeieneza hutaga katika vyombo vya maji majumbani. Mbu huhitaji takribani wiki moja kutoka yai hadi kuruka, na mayai yake hunata kwenye kingo za chombo. Kwa hiyo namwaga maji kila asubuhi na kulisugua beseni kabla ya kulijaza upya. Ndege wanaofika ni wale wale wa siku zote: shomoro, tetere, shore mwenye kichwa cheusi, na kwa bahati mbaya kunguru, ambao asili yao ni Bara Hindi na waliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, kisha wakaenea pwani yote. Kunguru siwapendi, kwa kuwa hula mayai na makinda ya ndege wadogo, na ninaamini kwamba kufunika mapipa ya taka vizuri ni wema mkubwa kwa ndege wengine kuliko hata beseni langu.

Kilichonifungua macho zaidi ni mndimu. Baada ya mvua za kwanza za vuli ulitoa majani mapya laini, na kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano alianza kuuzunguka, akigusa jani moja, akiruka, akigusa jingine, na kila alipotulia kidogo aliacha yai moja la mviringo, dogo kuliko punje ya mtama. Kiwavi anayetoka humo huwa wa kahawia na mabaka meupe, na hukaa juu ya jani waziwazi, kwa sababu ndege akimwona hudhani ni kinyesi cha mwenzake na kumwacha. Akikua hujivua ngozi na kuwa wa kijani, rangi ya jani lenyewe, hata nikawa namtafuta kwa dakika nyingi na kumbe yuko mbele ya pua yangu. Nilipomgusa kwa ncha ya kijiti, alitoa nyuma ya kichwa pembe laini ya rangi ya machungwa, iliyogawanyika pande mbili, yenye harufu kali inayokaa puani. Kisha akairudisha ndani polepole nilipomwachia nafasi. Fundi wa bustani alitaka kupiga dawa. Nilimsihi asifanye hivyo, kwani mti mkubwa wenye afya hupoteza majani machache tu na kuchipua tena, ingawa mche mchanga ningeulinda kwa kuwahamisha viwavi kwa mkono. Mmoja alijifunga kwa uzi mwembamba kwenye kijitawi, akaingia hatua ya pupa, yaani kutulia ndani ya ganda kabla ya kuwa kipepeo, na tulipomwona tena alikuwa kipepeo aliyening’inia akisubiri mabawa yakauke. Shangazi aliviita vitukuu vyake vyote vije kuona.

Matembezi yana taratibu zake. Natoka kunapopambazuka, kabla ya joto na kabla ya magari kujaa, na ninapita njia ile ile, kwa maana njia ya kila siku ndiyo inayoonyesha kilichobadilika. Naelekea Oysterbay kwenye mibuyu, ambayo msimu huu huchanua. Maua yake meupe hufunguka magharibi, popo huyazuru usiku, na asubuhi nayakuta yameanguka chini, yakiwa yameanza kugeuka kahawia na kutoa harufu isiyopendeza. Mikrismasi ya kando ya barabara nayo huwaka nyekundu kuanzia Novemba. Mti huu umetoka Madagaska, lakini sijui mtoto wa Dar es Salaam anayeweza kuiwaza sikukuu bila maua yake.

Hushuka hadi Daraja la Salenda, mahali Mto Msimbazi unapoingia baharini. Siwezi kuficha kwamba taka za plastiki ni nyingi pale na zinaumiza moyo. Hata hivyo mikoko imesimama, na chini yake kuna uhai ambao mpita njia aliye ndani ya daladala hauoni. Ni lazima kujua maji. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano, jua likiwa limekwisha kuwa kali. Siku chache baada ya nusu mwezi hupwa alfajiri, na hizo ndizo siku zangu. Jani la mchu, aina mojawapo ya mikoko, likitazamwa kwa karibu huonekana punje za chumvi juu yake, kwa kuwa mti huo hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani. Topeni wapo kaa wadogo, dume akiwa na gando moja kubwa analolipunga juu na chini bila kuchoka. “Mjomba, huyu anamwita nani?” mpwa wangu aliuliza. Nilimjibu kwamba anawaita majike na kuwaonya madume wenzake, naye akachuchumaa hapo muda mrefu kuliko nilivyotarajia kwa kijana wa umri wake. Kando yao hutembea sululu, ndege wa mdomo mrefu uliopinda, waliozaliwa mbali huko kaskazini mwa Ulaya na Asia na ambao hukaa kwetu hadi Machi au Aprili.

Mwaka huu shore walijenga katika ua wa michongoma unaotutenganisha na jirani, mzee mmoja wa Kizaramo ambaye hukata ua huo kabla ya Krismasi. Nilikwenda kwake, nikamwamkia, “Shikamoo, mzee,” nikamweleza kwamba ndani kuna mayai, na kwamba kuanzia kutagwa hadi makinda kuruka hazizidi wiki nne. Alisogeza matawi kwa fimbo yake, akachungulia, akasema, “Basi tutakata upande wa barabarani tu.” Upande huo umekatwa, wa kwetu umerefuka hadi kuziba sehemu ya njia, na tunapita kwa kuinama hadi makinda watoke.