Mshipa uliochelewa kufunga

Mwanangu alizaliwa akiwa na wiki 28 za ujauzito na uzito wa gramu 1,050, hapa Dar es Salaam, na siku ya nne daktari akatueleza kwamba mshipa unaounganisha aota (mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo kwenda mwilini) na ateri ya mapafu (unaopeleka damu mapafuni), ambao kwa mtoto aliyetimiza miezi kwa kawaida hufunga wenyewe siku chache baada ya kuzaliwa, kwake ulikuwa bado wazi, hivyo damu nyingi mno ilikuwa ikielekea mapafuni.

Alianzishiwa ibuprofeni, ile ile tunayoijua kwa maumivu, kwa sababu huzuia utengenezwaji wa prostaglandini, kemikali za mwili zinazouacha mshipa huo wazi. Alipewa dozi tatu, moja kwa siku: ya kwanza miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, mbili zilizofuata miligramu 5 kwa kilo kila moja.

Kwa kuwa dawa hiyo huweza kuelemea figo, muuguzi alikuwa akiweka kila nepi kwenye mizani ndogo na kuandika kiasi cha mkojo kabla ya kuitupa. Sikuwahi kudhani ningemshukuru Mungu kwa nepi nzito.

Kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kilichofuata kilionyesha mshipa umefunga. Jioni hiyo dada muuguzi alinilazia mwanangu kifuani, ngozi kwa ngozi.