Siku 183 na mshahara wangu wa Kampala

Nilivuka mpaka wa Busia alfajiri ya tarehe 6 Februari 2023, nikitokea Mombasa kwenda kuanza kazi Kampala. Hati yangu ya kwanza ya mshahara wa mwezi kamili niliipata mwisho wa Machi, nikaisoma mstari kwa mstari. Mshahara ulikuwa shilingi 2,000,000 za Uganda na kodi iliyokatwa ilikuwa 525,500. Mwenzangu wa meza ya jirani, mwenyeji wa Mbale ambaye tunalipwa sawasawa, alikuwa amekatwa 502,000.

Tofauti hiyo ya shilingi 23,500 haikutoka hewani: kwa hesabu ya kodi yeye alikuwa mkaazi wa Uganda, nami nilikuwa nimewekwa kundi la wasio wakaazi. Kwa viwango vya mwaka ule, mkaazi hakutozwa kitu kwenye shilingi 235,000 za kwanza za mwezi, kisha alitozwa asilimia 10 hadi kufikia 335,000, asilimia 20 hadi 410,000, na asilimia 30 kwa kilichozidi hapo. Asiye mkaazi alianza kutozwa asilimia 10 tangu shilingi ya kwanza. Kumi kwa mia ya 235,000 ni 23,500 kamili, na kutoka Februari hadi Juni tofauti hiyo ilifika 117,500.

Nilikwenda kwa mhasibu wetu, mama mmoja mstaarabu sana, naye akanieleza bila kuficha. Mwaka wa kodi wa Uganda huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Mimi nilikuwa nimeingia Februari, kwa hiyo hata nisingetoka nchini siku moja, kufikia mwisho wa Juni ningekuwa na siku 145 tu, na sheria inataka 183 ili mtu ahesabiwe mkaazi. "Ukimaliza siku zako tutakubadilisha," akasema. Hesabu yake ilikuwa sahihi, ila alihesabu ndani ya kipindi kisicho chenyewe, na nimekutana na Wakenya na Watanzania wengi hapa mjini ambao waajiri wao wanahesabu vivyo hivyo.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Uganda ya mwaka 1997 haisemi siku 183 ndani ya mwaka wa kodi. Inasema siku 183 au zaidi ndani ya kipindi chochote cha miezi 12 kinachoanza au kuishia ndani ya mwaka huo. Maneno hayo mawili, kuanza au kuishia, ndiyo yanayobeba jambo lote. Kipindi changu cha miezi 12 kilianza tarehe 6 Februari 2023, yaani ndani ya mwaka wa 2022/23, na kiliendelea hadi Februari iliyofuata. Nikitoa siku tisa nilizokwenda nyumbani kwa Idi mwezi wa Aprili, siku ya 183 iliangukia katikati ya Agosti. Kwa hiyo nilikuwa mkaazi wa mwaka ule uliokwisha kupita, tangu siku ya kwanza niliyokanyaga Uganda, ingawa mwezi wa Machi hakuna aliyeweza kuapa kwamba ningekaa. Na kwa kuwa ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi ya mwaka unaoishia Juni, hupokelewa hadi tarehe 31 Desemba, mtu aliyeingia kama nilivyoingia mimi huwa ameshalijua jibu kabla mlango haujafungwa.

Wapo wanaoingia kwenye ukaazi kwa njia nyingine: mwenye makao ya kudumu Uganda ni mkaazi, na vilevile yule ambaye katika mwaka husika na miwili iliyotangulia amekuwapo kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kila mwaka. Kibali cha kazi ni habari ya uhamiaji na hakikufanyi mkaazi wa kodi, wala kukikosa hakukuondolei ukaazi huo.

Kazi ngumu ni ushahidi. Sisi Wakenya tunaweza kuvuka Busia na Malaba kwa kitambulisho cha taifa, jambo ambalo ni neema kwa msafiri, lakini kitambulisho hakigongwi muhuri. Tangu Aprili ile nimekuwa na daftari la kurasa ndogo lenye tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi na tiketi ya basi iliyobanwa kwa pini pembeni. Wino wa tiketi hizo hufifia baada ya miezi michache, kwa hiyo mimi huzipiga picha siku ileile. Daftari hilo na barua ya mwajiri inayothibitisha siku za kazi ndivyo nilivyoviweka pamoja nilipowasilisha ritani yangu mwezi wa Novemba.

Kabla ya kudai kurudishiwa chochote, hakikisha kwamba kodi uliyokatwa ilifika. Mwajiri hupeleka PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, kwa Mamlaka ya Mapato ya Uganda kila mwezi, kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata, pamoja na orodha ya wafanyakazi na TIN zao, yaani namba za mlipakodi. Ukiwa na TIN iliyokosewa tarakimu moja, fedha yako ipo lakini haina jina lako. Mwombe mwajiri cheti cha kodi aliyokukata, ukilinganishe na hati zako za mshahara. Na ukiwa unadaiwa kodi nyingine yoyote, kilichozidi hulipa deni hilo kwanza, kisha baki ndiyo hurudishwa kwako.

Ukaazi una upande wake wa pili, nao nausema wazi kwa sababu nimeona watu wakiudai bila kuufikiria. Mkaazi hutozwa kodi ya mapato yake ya dunia nzima. Mgeni ambaye jumla ya kukaa kwake Uganda haijazidi miaka miwili amesamehewa mapato yanayotoka nje, kwa hiyo pango ninalopokea kwa nyumba yangu ndogo ya Kisauni, Mombasa, halikuhusika mwanzoni. Baada ya miaka miwili linahusika.

Wakenya wenzangu, kumbukeni na nyumbani. Mwenye makao ya kudumu Kenya akiwapo huko hata kwa siku chache za mwaka huhesabiwa mkaazi wa Kenya, na mshahara wa Kampala unapaswa kuonekana katika ritani yake ya Kenya inayowasilishwa kufikia tarehe 30 Juni. Sheria ya Kenya inampa raia nafuu kwa kodi ya mshahara aliyokwisha kuilipa nje. Karatasi inayothibitisha malipo hayo ni kile cheti cha mwajiri wa Kampala, kwa hiyo mimi huomba nakala mbili.