Siku moja maishani mwangu: fundi kompyuta wa Mwanga, Kigoma

Saa 1 asubuhi. Chai bado ya moto, simu inaita. Ni mama mwenye steshenari. Shikamoo, marahaba, halafu moja kwa moja: "Mwanangu, ile kompyuta imeanza tena kuandika mambo mekundu. Na watu wa barua za maombi ya kazi wameshapanga foleni."

Saa 2. Ni kompyuta ya mezani, Windows 7. Microsoft waliacha kuitolea masasisho ya usalama ya bure tarehe 14 Januari 2020. Najua mtaniuliza kwa nini nisiipige Windows mpya nikamaliza kazi. Ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2 tu, na printa ya mama draiva yake, yaani programu ya kuiunganisha na kompyuta, inaishia kwenye Windows 7. Watoto wake wanasomeshwa na hiyo printa. Basi.

Maandishi mekundu ni ya antivairasi: kompyuta haijakaguliwa, orodha ya virusi imepitwa na wakati. Naingia kwenye mipangilio, nakuta ratiba ya skani imewashwa vizuri kabisa, kila wiki. Imewashwa ila haifanyi kazi. Kabla ya kugusa chochote naangalia pembeni chini kwenye skrini: 1 Januari 2009.

Saa 2 na nusu. Nafungua kava. Vumbi jekundu limejaa hadi kwenye feni. Natoa kile kibetri cha CR2032, naweka mita: volti 2.1, wakati kikiwa kizima husoma 3. Kila jioni mama anazima swichi ya ukutani, na simlaumu, maana umeme ukikatika huku hurudi kwa hasira. Lakini swichi ikizimwa, saa ya kompyuta inabaki kutegemea betri hiyo tu. Betri ikifa, kila asubuhi kompyuta inaamka 2009. Hapo vyeti vya usalama vya tovuti, vile vinavyothibitisha kuwa tovuti ni halisi, inaviona ni vya siku zijazo, inavikataa, na masasisho hayashuki. Ratiba nayo inahesabu siku za kalenda ya uongo.

Betri mpya inauzwa maduka mawili mbele. Kazi ya dakika tano.

Saa 3 na nusu. Tarehe ni sahihi, lakini antivairasi bado inagoma kusasishwa. Hili nililitegemea. Programu za siku hizi husainiwa kwa SHA-2, mbinu ya kuthibitisha kuwa programu ni halisi, na Windows 7 ambayo haikupata masasisho ya 2019 haiitambui vizuri sahihi hiyo. Dawa yake ni mafaili mawili ya masasisho ya Microsoft, KB4490628 kwanza, halafu KB4474419. Ninayo kwenye flashi yangu, kwa sababu kuyashusha kwa bando la mteja ni kumuonea. Naweka la kwanza, nawasha upya, naweka la pili, nawasha upya. Foleni inaniangalia kama mimi ndiye niliyewanyima kazi.

Saa 5. Orodha ya virusi imeshuka. Sasa ratiba yenyewe. Nafungua Task Scheduler, sehemu ya Windows inayopanga kazi zijiendeshe zenyewe, naona kazi ya skani ina jibu 0x41303, maana yake haijawahi kuendeshwa hata mara moja. Sababu naiona mstari wa juu: Jumapili, saa 8 usiku. Aliyeipanga alifikiria ofisi ambayo kompyuta hazizimwi. Jumapili saa 8 usiku hili duka lina kufuli na swichi imezimwa.

Nahamishia saa 7 mchana kila siku ya kazi, mama anapokula. Naweka tiki kwenye kile kipengele cha kuendesha kazi mapema iwezekanavyo kama muda wake ulipita. Naondoa sharti la kusubiri kompyuta itulie, maana hapa kuna mtu kwenye kibodi kuanzia asubuhi hadi jioni, ingesubiri milele.

Saa 7. Nimebaki makusudi. Dakika ya kwanza kimya, halafu feni inapiga kelele na taa ya diski inawaka mfululizo. Flashi ya mteja mmoja ilikuwa bado imechomekwa: mafolda yote yamegeuka shotikati, njia za mkato tu. Antivairasi imemkamata mdudu, ila mafolda halisi yamefichwa. Naandika amri ya kufichua mafaili, attrib -h -r -s /s /d, kwenye hiyo flashi, barua zake zinarudi. Kijana anashika kichwa.

Saa 8. Ugali na migebuka. Sipokei simu.

Saa 9 na nusu. Daladala hadi Ujiji, kwa mzee mwenye duka la jumla. Yeye bado yuko Windows XP, ambayo msaada wake uliisha 8 Aprili 2014, kwa sababu programu yake ya hesabu haikubali kingine. Anataka nimpangie skani ya kila siku. Namkatalia kwa heshima. Skani inamtafuta aliyekwisha kuingia. Mlango wenyewe uko wazi. Mei 2017 WannaCry, kirusi kinachofunga mafaili na kudai fedha, ilipita kwenye mtandao bila mtu kubofya chochote, ikikamata mashine zilizokosa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu, kilichotoka Machi mwaka huohuo. Kwa hiyo nachomoa waya wa intaneti, natoa diski yake, naikagua kupitia laptopu yangu, namrudishia.

"Sasa hesabu nitazipelekaje kwa mhasibu?"

Kwa flashi, baba, ila ipitishe kwanza kwa mama wa steshenari pale Mwanga, ikakaguliwe.

"Atanitoza?"

Atakutoza.