Mtandio na Mvua ya Almasi

Wete, Jumamosi usiku

Juzi, tulipokuwa tukimaliza somo la mgandamizo wa maji, mwanafunzi wangu mmoja wa Kidato cha Tatu aliinuka akauliza: "Mwalimu, ikiwa chombo pekee kilichofika Neptuni kilipita tu mwaka 1989, wanaosema kuwa ndani yake hunyesha almasi wamejuaje?" Nilimwahidi jibu Jumatatu.

Ami yangu, aliyezamia majongoo tangu ujana wake, husema kuwa ukifika pima tano na nusu masikio huuma kama yanayotobolewa. Kina hicho ni kama mita 10, na maji hapo yameongeza mgandamizo ulio sawa tu na ule wa hewa tunayovuta. Ndani ya Neptuni mgandamizo hupita mara milioni moja ya huo wa hewa. Kwa kuwa hakuna awezaye kushuka huko, wanasayansi wameileta hali ile maabara, ijapokuwa hudumu kwa muda usiofikia hata kufumba na kufumbua.

Mwaka 2017, katika maabara ya SLAC iliyoko Menlo Park, California, walichukua plastiki ya polistireni, ambayo ni kaboni na haidrojeni, vitu vilivyomo pia ndani ya Neptuni, wakaipiga kwa leza kali. Uso wa plastiki uligeuka mvuke wa moto ukaruka nje, na kwa kuruka huko ukaisukuma ndani sehemu iliyobaki, kama vile ngalawa inavyokwenda upande wa pili mtu anaposukuma gati kwa upondo. Walipeleka mawimbi mawili ya mshindo, la pili likiwa na kasi zaidi, na lilipolifikia la kwanza, mgandamizo ukawa takriban mara milioni moja na nusu ya ule wa hewa yetu, na joto karibu nyuzijoto 5,000. Hapo hapo ukapitishwa mmweko wa eksirei.

Jambo la kunivutia zaidi ni mmweko huo, kwa sababu almasi zile hazikuonekana kwa jicho, bali zilisomwa. Baada ya isha nilimwomba binti yangu mtandio wake mwepesi, nikazima taa, nikapitisha mwale wa kalamu ya leza katikati ya kitambaa. Ukutani hakukutokea nukta moja, bali safu mbili za nukta nyekundu zilizokatana, zenye nafasi sawa baina yake. Binti alipougeuza mtandio kidogo upande, nyuzi zikawa kama zimekaribiana mbele ya mwale, na nukta za ukutani zikazidi kuachana.

Mawimbi ya eksirei ni mafupi kiasi cha kulingana na nafasi iliyopo kati ya atomu na atomu, kwa hiyo atomu zenyewe huwa ndizo nyuzi. Mmweko wa SLAC hudumu makumi ya femtosekunde, na femtosekunde moja ni sekunde iliyogawiwa mara milioni bilioni. Atomu haziwahi kusogea, na alama zake huwa zimekwisha kunaswa kabla kipande hakijasambaratika. Alama zilizopatikana zilikuwa za almasi, zenye ukubwa wa nanomita chache tu, na nanomita moja ni milimita iliyogawiwa mara milioni.

Mwaka 2022 jaribio lilirudiwa kwa PET, plastiki ile ile ya chupa za maji ninazoziokota ufukweni maji yanapotoka. Plastiki hii ina oksijeni pia, kama ilivyo Neptuni, na ilionekana kuwa oksijeni husaidia almasi kuumbika. Nimeiweka chupa moja mezani. Nataka wanafunzi waishike.

Kabla ya kulala nilipima nukta za ukutani. Mtandio ulikuwa mita 5 kutoka ukutani, na kati ya nukta na nukta palikuwa na milimita 16. Kwa mwanga mwekundu wa nanomita 650, hesabu ilinipa nafasi ya milimita 0.2 kati ya uzi na uzi. Nikawasha taa, nikaweka rula juu ya kitambaa na kuhesabu kwa kioo cha kukuzia: nyuzi 50 katika sentimita moja.